Kilio bila maiti: kukaa na mjane wa askari Lubumbashi

Kilio cha askari hakifanani na vilio vingine vya mji huu. Mtu akifia hospitali ya Sendwe, maiti iko mochari, kuna saa ya kwenda kuitoa, kuna jeneza, kuna kaburi la kuzungukwa. Askari aliyetoka Kambi Vangu akafia vitani kule mashariki, Masisi au Kalehe, anarudi nyumbani kama sauti ndani ya simu. Kati ya Lubumbashi na Goma kuna zaidi ya kilomita 1,000 kwa mstari wa ndege, na hali ilizidi kuwa ngumu mwisho wa Januari 2025 Goma ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23, na Bukavu mwezi uliofuata. Siku zile za Goma, watu wa Msalaba Mwekundu walizika maiti nyingi kwa haraka, nyingine bila jina. Huku kwetu, mama anaketi chini kwenye mkeka na kuambiwa alie. Analia nini, ikiwa hajaona kitu?

Ndiyo maana faraja ya kwanza ya mjane wa askari ni habari iliyonyooka. Wimbo, maandiko na hata chakula vinakuja nyuma yake. Wafariji wengi wanaharibu hapa, kwa upendo kabisa: wanampamba marehemu, wanapunguza uchungu wa kifo chake, wanajaza mashimo ya habari kwa maneno yao. Miezi miwili baadaye mwenzake wa batayo, kikosi cha marehemu, anapiga simu na kusimulia mambo mengine. Tangu siku hiyo mama haamini mtu yeyote, na ule uongo mtamu wa siku ya kwanza ndio unaomnyima usingizi.

Tuanze na siku yenyewe. Kabla ya kugonga mlango, hakikisheni ni yeye. Kina Ilunga, Mutombo na Kabongo wamejaa jeshini. Jina moja halitoshi: mnataka jina kamili, matrikule (namba yake ya jeshi), batayo, na mahali alipokuwa. Anayetoa habari aulizwe kwa upole lakini waziwazi: uliona kwa macho yako, au uliambiwa? Kama aliambiwa, na nani? Akisema aliona, aulizwe siku, saa, mahali, nani alizika, kaburi lina alama gani, begi lake liko kwa nani. Mmoja wenu ashike kaye (daftari) na aandike yote pamoja na jina la aliyepiga, namba yake na saa aliyopiga. Kaye hiyo itarudi mara nyingi: mbele ya familia, mbele ya ofisi ya jeshi, mbele ya mama mwenyewe atakapokuwa na nguvu ya kuuliza.

Waende watu wawili, mmoja wao awe mtu ambaye mama anamwamini. Watoto wapelekwe kwa jirani kwanza. Mama aketi. Halafu neno lisemwe lilivyo: "Mama Fulani, tumeleta habari mbaya. Baba Fulani amekufa." Desturi ya kuanza na "ni mgonjwa kidogo", kisha "ameumia", kisha "hali imezidi", inaeleweka, wazee waliitumia ili moyo ushuke ngazi kwa ngazi. Lakini kwa mke wa askari ngazi hizo zinazaa tumaini. Ataanza kutafuta nauli, atampigia kamanda, atauliza ni hospitali gani. Akishaambiwa, nyamazeni. Dakika tano za kimya ni ndefu, vumilieni. Akipiga kelele, akijitupa chini, akikaa kama jiwe, yote ni sawa; ondoeni tu jiko la makala na vitu vyenye ncha, na mtu mmoja akae upande wake asimwachie.

Simu yake ishughulikiwe siku hiyohiyo. Picha za maiti za vita zinazunguka WhatsApp kwa kasi kuliko tangazo lolote la jeshi, na kuna wanaozituma kwa mjane mwenyewe wakidhani wanasaidia. Mtu mmoja wa kuaminika, tena mmoja tu, apokee picha hizo na kuzihifadhi kwenye simu yake. Zisifutwe, maana zinaweza kuwa ushahidi pekee wa kifo. Mama asionyeshwe mpaka aombe mwenyewe, na akiomba aelezwe kwanza kwa maneno kilichomo, kisha achague. Watoto wasione kabisa.

Kuna jambo lingine la simu ambalo watu wanalikumbuka wakiwa wamechelewa: sauti za marehemu. Ujumbe wa sauti aliomtumia mkewe, salamu za watoto, maneno ya jioni ya mwisho. Zitumwe kwenye simu mbili nyingine ndani ya wiki ya kwanza, kabla simu haijaibiwa kilioni au shemeji hajaichukua. Laini yake nayo itiwe vocha mara kwa mara isizimwe. Mara nyingi ina M-Pesa au Airtel Money yenye akiba, na wenzake wa mbele wana namba hiyo tu.

Mama atauliza: aliteseka? Swali hili linawafanya hata watu waaminifu waseme uongo. Kama shahidi alisema alikufa papo hapo, mwambie hivyo na mtaje aliyesema. Kama hujui, jibu lipo: "Hatujajua bado, mama. Tumeuliza. Tukijua tutakuambia." Kama alivuja damu kwa muda wa saa mbili na wenzake walikuwa naye, usimwage yote siku ya kwanza, ila usiseme kinyume chake. Unaweza kusema "hakuwa peke yake", ikiwa ni kweli. Neno hilo limewatuliza wajane wengi kuliko "hakusikia kitu".

Maneno mengine yaachwe. "Njo vile Mungu alipenda" ni salamu ya kilio chetu na haina nia mbaya, lakini kwa mwanamke wa miaka 27 mwenye watoto watatu linasikika kama hukumu. "Wewe bado kijana" linamwambia mume ana mbadala. "Alikufa kwa ajili ya nchi" ni lake yeye kulisema. Wapo wanaolishika kama fimbo ya kutembelea, na mtu asiwanyang'anye. Wapo ambao soldi (mshahara wa jeshi) ya mume haikuwa inatosha unga, na neno hilo linawachoma. Msikilize yeye anavyomwita kwanza. Kwa kawaida inatosha kusema "pole, mama", kumtaja marehemu kwa jina lake, na kusimulia kitu kimoja cha kweli ulichokifahamu juu yake: alivyotengeneza baiskeli za watoto wa kambi, alivyopenda sombe (majani ya muhogo) yenye chumvi nyingi.

Maneno mabaya zaidi hayatoki kwa wafariji. Yanatoka kwenye kona za kilio usiku, karibu na moto wa wanaume: mke hakutulia, ndiyo maana dawa ya mume ya kumkinga ilivunjika na risasi ikampata, au mke ni mlozi. Tuhuma hizi zinaweza kumfukuza mwanamke nyumbani kabla ya wiki kwisha. Dawa yake ni ya kiukoo. Usiku wa kwanza kabisa, kabla minong'ono haijapata miguu, baba mkubwa au mjomba mwenye sauti katika ukoo wa mume asimame mbele ya watu na kusema alivyokufa, mahali gani, kwa silaha gani, na kwamba ukoo haumdai huyu mwanamke kitu. Mwendeeni mapema, mpeni ile kaye, mwombeni kwa heshima. Akikataa, tafuteni mchungaji au kiongozi wa jumuiya. Mjane hawezi kujitetea mwenyewe. Akinyamaza wanasema amekubali, akisema wanasema hana uchungu.

Chakula na maji si mambo magumu kwa akina mama wa Kamalondo au Ruashi, kwa hiyo tutapita haraka. Bukari (ugali) ya mtu mzima inakula kama gramu 200 za unga, basi mfuko wa kilo 25 ni sahani 125 hivi. Maji ya kunywa hesabuni lita 2 kwa mtu: kilio cha watu 60 ni bidoni sita za lita 20 kila siku, kabla hata ya kupika, na yatiwe dawa au yachemshwe, kipindupindu hakiogopi msiba. Michango iandikwe kwenye kaye nyingine, isichanganywe na ile ya habari, na ishikwe na mtu asiye wa upande wa mume wala wa mke.

Mjane mwenyewe ndiye anayesahauliwa katikati ya sufuria hizo. Hali chakula, hanywi maji, analia siku nzima. Uji mwepesi, nusu kikombe kila baada ya saa tatu, unaingia hata pale bukari inapokataa. Mkojo wake ukiwa mweusi na kichwa kikizunguka, mchanganyieni lita moja ya maji safi, vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya usawa, anywe kidogo kidogo. Kisha mtu mmoja amwulize sikioni, si mbele ya watu: unatumia dawa za kila siku? Kidonge cha presha, cha sukari, cha kifua kikuu, cha virusi. Dawa hizi zinaachwa kilioni kwa aibu au kwa kusahau, na huzuni inapata mwenzake. Akiwa ananyonyesha, mtoto aendelee kunyonya. Maziwa yanaweza kuchelewa kushuka kwa sababu ya mshtuko, lakini huzuni haiyatii sumu, na titi lisiponyonywa ndipo yanapokauka. Akiwa mjamzito, damu, maji kuvuja, au mtoto kuacha kucheza tumboni ni safari ya hospitali saa hiyohiyo, kilio au hakuna kilio. Na kama ukoo unadai mjane asioge, wazee waombwe kulegeza. Wengi wanalegeza wakiombwa mapema na mama mtu mzima.

Msimnunulie Valium. Kila famasia ya mtaa inaiuza, na kilioni kuna daima mtu anayesema "apewe kidonge alale". Shirika la Afya Duniani lilishatoa mwongozo mwaka 2013: dawa za jamii hiyo zisitumiwe kutibu huzuni ya kufiwa. Zinamlaza, ndiyo, lakini mwili unazizoea, na mama anaamka siku ya nne na maombolezo yakimsubiri palepale. Usingizi wa vipande vipande katika wiki za kwanza ni wa kawaida. Mtu wa kulala naye chumba kimoja anasaidia kuliko kidonge.

Sasa watoto. Mtoto wa askari amezoea kuambiwa baba amesafiri, kwa kuwa baba alikuwa anasafiri kweli, miezi minane, mwaka. Ukimwambia tena "baba amesafiri", atasubiri, maana mara zote zilizopita baba alirudi. Semeni "baba amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, hatarudi". Wa chini ya miaka mitano atauliza tena kesho, na kesho kutwa. Mjibuni kwa maneno yaleyale bila kukasirika. Wa miaka saba akianza kukojoa kitandani asichapwe. Mwalimu aambiwe.

Kuna hali ngumu kuliko zote hizi: pale ambapo hakuna aliyeona. Batayo ilitawanyika, simu yake imezimwa, mmoja anasema alivuka mto, mwingine anasema alikamatwa. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Pauline Boss, aliyefanya kazi na wake wa marubani waliopotea vitani Vietnam, alieleza kwamba kupotea kwa namna hii hakufuati njia ya kufiwa, kwa sababu mtu hayupo na bado yupo. Familia hugawanyika: mama mkwe anasubiri, shemeji anataka kilio kifungwe mali igawanywe. Msimlazimishe mama kulia wala kutumaini. Ashike yote mawili: leo apike sahani ya mume ikimpa nguvu, kesho aombe misa. Wakati huohuo faili la kumtafuta lifunguliwe. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu pamoja na Msalaba Mwekundu wa Kongo hupokea maombi ya kutafuta waliopotea vitani, bila malipo. Andaeni majina yote, tarehe na mahali pa kuzaliwa, majina ya wazazi, batayo, na mahali na siku aliposikika mara ya mwisho. Anayedai dola mia ili "kuangalia kwenye orodha ya mateka" ni mwizi. Muda ukipita na dalili zote zikaelekea kwenye kifo, mahakama inaweza kutoa hukumu ya kutangaza kifo, nayo inashika nafasi ya akti, yaani cheti, ya kifo.

Kilio kisicho na maiti kinahitaji kitu cha kushika. Picha kubwa ya marehemu, beret yake, viatu vya nyumbani. Mahali pa kwenda pia: jiwe lenye jina kwenye kaburi la baba yake, au kona ya uwanja wa parokia ikiwa padri amekubali. Shati alilolivaa mwisho likiwa bado na harufu yake, lisifuliwe na mtu bila kumwuliza mama. Litiwe kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri. Nguo zikigawanywa siku ya tatu kama ilivyo desturi, yeye achague kwanza.

Makaratasi yanaanza wiki ya pili, si baadaye. Hapa wajane wengi wanapoteza haki, na anayetaka kufariji kweli atoe asubuhi zake za kupanga foleni. Atestasiyo ya kifo inatoka kwa kamanda wa kikosi. Nayo inawezesha kupata akti ya kifo komine, ofisi ya serikali ya mtaa. Pembeni yake ziwepo akti ya ndoa, akti za kuzaliwa za watoto, kadi ya askari na namba ya matrikule. Tatizo la kawaida ni ndoa: mali (mahari) ililipwa, kanisa lilibariki, komine haikuandika. Bila karatasi hiyo mwanamke ni "rafiki wa marehemu" mbele ya ofisi. Tafuteni waliopokea mali, picha za siku hiyo, barua ya familia, na mwende mahakama ya amani kuomba hukumu ya kuthibitisha ndoa. Fotokopi tano za kila karatasi, zilizothibitishwa; ofisini inabaki fotokopi, karatasi halisi mnarudi nayo. Na isikae nyumbani kwa mama: ikae kwa jirani au kwa mama wa kanisa, maana kabati la mjane hupekuliwa.

Sheria ya Januari 15, 2013 inayohusu hadhi ya askari wa FARDC, jeshi la Kongo, inawatambua mjane na yatima. Kutoka sheria mpaka pesa kuna njia ndefu, na dosie inakwama kwa vitu vidogo: herufi ya jina isiyofanana kati ya kadi na akti, mtoto ambaye hakuandikishwa kikosini, sahihi iliyokosekana. Linganisheni majina herufi kwa herufi kabla ya kupeleka. Kadi ya benki ya soldi isigeuzwe mali ya ukoo. Kila franki inayotolewa baada ya kifo bila idhini inaweza kudaiwa, na anayeulizwa ni mjane. Nyumba ya kambi ni ya serikali. Barua ya kuomba muda iandikwe mapema, nakala ipigwe muhuri wa kupokelewa, kabla gari la kumhamishia askari mwingine halijasimama mlangoni.

Kwa mali ya nyumbani, Kanuni ya Familia ya Agosti 1, 1987, iliyorekebishwa Julai 15, 2016, inawapa watoto robo tatu ya urithi, na robo inayobaki wanagawana mjane, wazazi wa marehemu na ndugu zake kwa makundi. Katika utaratibu wa kawaida wa mali iliyochumwa pamoja, nusu ni ya mjane kabla ya hesabu hiyo kuanza. Tena ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyoishi na kutumia vyombo vyake. Shemeji akija na hoja ya kumrithi mke, kanuni hiyo inasema mjane hawezi kuolewa kabla ya siku 300 isipokuwa amejifungua, na sheria ya Julai 20, 2006 inaadhibu kumlazimisha mtu ndoa, hata akiwa mtu mzima. Msianze na kifungu cha sheria lakini. Anzeni na shangazi wa mume. Mara nyingi neno lake linamaliza jambo ambalo avoka (wakili) angelitia moto.

Turubai likishateremshwa na viti vya plastiki kurudishwa, wengi hawaonekani tena. Gawaneni siku. Kina mama wa Kipendano kwa Wametodisti, jumuiya kwa Wakatoliki, wenzake wa likelemba (mchezo wa kuchangiana pesa): Jumanne mmoja anamletea maji, Alhamisi mwingine anakaa na watoto aende komine. Kuna tarehe za kuwekea alama: siku ya soldi, sikukuu ya Mei 17 ya jeshi kama kambi inaifanya kwa kelele, siku ya kuzaliwa ya mtoto wa mwisho. Siku hizo asiachwe peke yake.

Huzuni kwa kawaida inakuja kwa mawimbi yanayoachana. Ikipita miezi sita na mama bado hawezi kupika, hataki kusikia jina la mume au hawezi kuliacha hata dakika moja, tafuteni mtu wa afya ya akili. Lubumbashi kuna kituo cha Joseph Guislain. Akisema "nataka kumfuata", msimkemee. Mwulizeni wazi: unafikiria kujiua? Kuuliza hakumpi wazo asilokuwa nalo. Ondoeni sumu ya panya na vidonge vilivyobaki, asilale peke yake, na siku hiyohiyo afikishwe kwa daktari. Na kwa nyumba ya askari kuna jambo la ziada: angalieni kama aliacha risasi au guruneti chini ya kitanda. Msiguse. Kikosi kiitwe kije kichukue.

Halafu siku moja, pengine mwezi wa nane, mwenzake wa batayo anapata likizo na kufika na begi. Atakuja bila taarifa, atasimama nje, ataogopa kuingia. Watoto wapelekwe kucheza. Mgeni apewe kiti na maji. Yeye pia alifiwa. Begi lisifunguliwe na shemeji wala na mfariji. Liwekwe mbele ya mama, na asilifungue leo kama hataki. Mgeni akianza kusimulia, mtu asimkatize ili kulainisha. Ile kaye ya siku ya kwanza iletwe, na alichokiona kiandikwe chini ya yale yaliyoandikwa, kwa maneno yake, na tarehe.